Zima WiFi Saa Nne

"Fundi, nitilie ratiba, WiFi iwe inajizima yenyewe saa nne." Ujumbe wa namna hii huniingilia WhatsApp kila msimu wa wageni unapokaribia, mara nyingi kwa sauti, na nyuma ya sauti vespa zinapita na mtu ananadi samaki. Anaweza kuwa mwenye hoteli, mwenye mgahawa au mkuu wa skuli ya binafsi, na wote huamini wananiagiza kazi ya dakika tano. Si uongo sana. Kwenye kontrola, yaani programu inayoziongoza mashine za WiFi, ni kutia tiki kisanduku kimoja, kisha saa ya kufungua, saa ya kufunga, na siku saba za wiki zimejipanga safu moja. Kinachokula muda ni kujua aliyeagiza anataka nini khasa. Mashine hufuata ilichoandikiwa, na aliyeiandikia mara nyingi hakuuliza vya kutosha.

Swali la kwanza: saa nne ipi? Usicheke. Mgahawa mmoja wa Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, WiFi yake ilikuwa ikikatika kila siku saa 10 jioni, wakati ule ule wateja wanapoanza kujaa ghorofa ya juu kungojea jua litue. Mwenyewe alikuwa keshahama kampuni ya intaneti akidhani tatizo liko kwao. Nilipofungua kontrola nikakuta mtu ameandika 4:00 PM. Aliambiwa saa nne, akaandika nne, akachagua PM kwa sababu ni usiku. Kwa mashine hiyo ni 16:00, na saa nne yetu ya usiku ni 22:00. Siku hizi kila ninapofunga ratiba nabandika karatasi ubavuni mwa kabati la swichi za mtandao, ina safu mbili, saa yetu na saa ya mashine, ili atakayekuja baada yangu asipige hesabu za kichwani akiwa juu ya ngazi.

Baada ya hapo tunaulizana kizimwe nini. Mwenye biashara akisema WiFi anakusudia kila kitu kwa mkupuo: vile visahani vyeupe vya darini ambavyo sisi mafundi tunaviita AP, jina linaloonekana kwenye simu, na intaneti yenyewe. Mashine inavitenganisha. AP moja inaweza kutangaza majina kadhaa kwa wakati mmoja, la wageni, la wafanyakazi, la mashine za kadi, na kila jina hutangazwa hewani karibu mara 10 kwa sekunde hata kama hakuna anayelitumia. Ratiba ya kawaida hugusa jina. Saa ikifika, AP inaacha kulitangaza na waliokuwemo wanatolewa, simu zao zinarudi kwenye bando. AP yenyewe inabaki hai na majina mengine yanaendelea na kazi. Biashara nyingi zinahitaji hilo tu. Kukata umeme wa AP ni jambo jingine, nitalifikia tukivuka kwenda Pemba.

Sababu ninayoisikia zaidi Mji Mkongwe ni vijana wa barazani. Nyumba nyingi zina baraza za mawe mbele, WiFi ya hoteli inavuja mpaka nje, basi kuanzia baada ya isha utawakuta wamejipanga, migongo ukutani, nyuso zinang'aa kwa mwanga wa simu. Pasiwedi waliipata zamani, ilikuwa imebandikwa mapokezi. Mwenye hoteli analalamika kuwa wanawamalizia wageni intaneti, wanapiga kelele, hawaondoki. Mimi humwambia tutazame kwanza. Kontrola inaonyesha kila kifaa kimekula kiasi gani, na si mara moja mlaji mkubwa ameonekana kuwa televisheni ya chumba cha juu inayocheza filamu mbele ya mtu aliyekwisha lala. Nikimwekea kila mtumiaji wa jina la wageni kikomo cha kasi, au tukahamia kwenye vocha zinazokwisha mgeni anapoondoka, malalamiko mengi humalizika bila ya kuzima chochote. Kwa hoteli yenye vyumba, mimi sipendi kabisa WiFi ya wageni izimwe. Mtu ametua na ndege ya usiku, kafika na begi lake saa 7, anataka kuwaambia kwao kuwa amefika salama. Unamwambia nini?

Lakini wapo walioshaamua, na kwao naitumia nyumba yenyewe. Mji Mkongwe, ulioingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hufika nusu mita na kuzidi. Kwa fundi wa WiFi kuta hizi ni mtihani. AP ambayo katika ofisi mpya ya matofali ingehudumia ghorofa nzima, hapa inaishia mlango wa pili, na mawimbi ya WiFi ya 5 GHz yanachoka mapema kuliko ya 2.4 GHz. Ndiyo maana utaona AP katika kila ujia wa kila ghorofa. Kwenye ratiba, hata hivyo, ukuta unageuka kuwa msaidizi. Kontrola nyingi huruhusu kuzipa AP lebo: baraza, vyumba, jiko, juu. Ratiba naifunga kwenye lebo. Jina la wageni linaondoka saa 4 usiku kwenye AP ya mapokezi peke yake, huku mgeni wa ghorofa ya pili anayezungumza na mkewe aliyeko Ujerumani hajui hata kama kuna kilichobadilika. Aliyekaa barazani hawezi kuidaka ile ya ghorofa ya pili.

Katika hoteli moja ya Hurumzi tulifanya hivyo, na haukupita muda mrefu mlinzi wa usiku ndiye aliyekuja kuomba irudishwe. Vijana walipoondoka alibaki peke yake uchochoroni. Wao ndio waliokuwa wakimwambia nani mgeni wa hoteli, nani kapotea njia, nani wa kutazamwa. Mwenye hoteli aliguna, akakubali saa 5.

Sababu ya usalama naikubali nusu. Jina lililozimwa halijaribiwi na mtu, hiyo kweli, na ofisi isiyo na watu usiku haina haja ya kuacha jina la wafanyakazi hewani mpaka alfajiri. Ofisi nafunga bila ya kubishana: saa 1 asubuhi inafunguka, saa 12 jioni inafunga, Jumamosi nusu siku, Jumapili hakuna. Faida ya pembeni ni kuwa majirani wanapumua, kwani katika 2.4 GHz zipo chaneli tatu tu zisizogongana, ya 1, ya 6 na ya 11, na vichochoro vyetu vimebanana. Lakini pasiwedi ambayo haijabadilishwa tangu mhasibu wa zamani aondoke haigeuki kuwa salama kwa kuwa inalala usiku.

Kabla ya kufunga chochote huzunguka nyumba nzima kuuliza nani anakaa kwenye jina lipi. Aliyefunga kamera mara nyingi alitumia jina la kwanza aliloliona, yaani la wageni. Ukilizima saa 4 usiku umezima kamera za duka usiku kucha, na hakuna atakayejua mpaka siku ya wizi. Kuna vitasa vya milango vya kadi, mashine ya risiti, simu za mapokezi, hata friza la samaki lenye kipimajoto kinachotuma taarifa kwenye simu ya mpishi mkuu. Vyote hivyo vihamishiwe kwenye jina lao, lisilo na ratiba, na wageni wasilione.

Maswali ya watu yakimalizika linabaki la mashine: yenyewe inajua ni saa ngapi?

Ruta ndogo nyingi tunazozitumia hapa hazina betri ya saa kama ile iliyomo ndani ya kompyuta. Umeme ukikatika zinasahau. Zikiamka, baadhi yake huanza kuhesabu upya kutoka 1 Januari 1970, tarehe ambayo mifumo mingi ya kompyuta imeifanya mwanzo wa hesabu zake. Siku ile ilikuwa Alhamisi, na hesabu inaanza saa 0:00 UTC, saa ya kimataifa, ambayo kwetu ni saa 9 usiku. Sasa tazama. Ratiba inasema jina la wageni lifungwe kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Umeme umekatika saa 7 mchana, umerudi saa 7 na robo. Ruta imeamka, inaamini ni saa 9 ya usiku, na kwa uaminifu wote inazima WiFi ya wageni mchana kweupe, mgahawa umejaa, mashine za kadi ziko kwenye jina hilo hilo kwa sababu hakuna aliyezunguka kuuliza. Muda unakwenda, watu wanazima na kuwasha ruta, na kila wakiwasha inarudi saa 9 usiku.

Dawa yake ni NTP, utaratibu wa mashine kuulizana saa kupitia mtandao ambao mtaalamu wa kompyuta David Mills aliuandika mwaka 1985 na unatumika mpaka leo. Ruta inapeleka swali kwa sava ya saa, inajibiwa, inajirekebisha. Masharti ni mawili: mtu awe ameiwasha hiyo NTP, na intaneti iwe imerudi. La pili ndilo linalosumbua, kwa sababu umeme ukirudi mtaani haina maana mnara au modemu navyo vimekaa sawa. Kwa hiyo ruta na modemu naziweka kwenye UPS, betri ya akiba, kabla ya kitu kingine chochote, kabla hata ya kompyuta ya bosi. Hoteli ikiwa kubwa kidogo, naiteua kompyuta moja yenye betri ya saa iwe ndiyo ya kuulizwa kwanza, ndani kwa ndani, bila ya kungoja nje.

Habari za umeme hazihitaji kuhadithiwa mtu wa hapa. Unguja inaletewa umeme kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na waliokuwepo kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, hitilafu ilipotokea kwenye njia ile, wanajua jenereta zilivyokuwa zikinguruma mji mzima kwa miezi mitatu. Kukatika kwa nusu saa kwa leo ni jambo dogo. Ila ratiba inaharibiwa na madogo hayo hayo.

Nusu saa hiyo inaharibu kwa njia nyingine pia. Ratiba zimeandikwa kwa namna mbili. Ipo inayotazama hali: sasa ni saa ngapi, tumo ndani ya muda wa kufunga au hatumo? Na ipo inayofanya tendo: saa 12 kamili asubuhi, washa. Hii ya pili ndiyo mafundi wengi tunayoiandika kwa skripti kwenye ruta, kwa kuwa ni fupi, mstari mmoja wa kuzima na mmoja wa kuwasha. Umeme ukiwa haupo saa 12 asubuhi, saa ya kuwasha imepita na hakuna wa kuirudia. Umeme unarudi saa 12 na nusu, taa zote zinawaka vizuri, WiFi ya wageni imezimwa mpaka kesho yake. Inahitajika skripti ya tatu: ruta ikiamka isubiri saa yake irekebishwe, kisha ijiulize muda huu ilitakiwa iwe imefungua au imefunga. Namna ya kuijaribu ni rahisi na haina adabu: chomoa waya wa umeme dakika chache kabla ya saa ya kuwasha, rudisha baadaye, kaa ungoje. Fundi ambaye hajachomoa waya mbele ya mwenye nyumba hajamaliza kazi.

Saa ikiwa sahihi, eneo la saa nalo linaweza kukuangusha. Kontrola za wingu, yaani zinazokaa kwenye intaneti, zilizotengenezwa Marekani wakati mwingine huja na saa ya Los Angeles. Iache hivyo, andika ifungue 07:00 na ifunge 22:00, na hapa Unguja itafungua saa 12 jioni na kufunga saa 3 asubuhi, kinyume kabisa na ulichokitaka. Tofauti ni ya saa 11. Wamarekani wakisogeza saa zao mbele mwezi wa Machi inakuwa ya saa 10, Novemba inarudi 11, na wewe hukugusa kitu. Kwenye orodha usiitafute Zanzibar. Chagua Africa/Dar_es_Salaam, na ikikosekana chagua Africa/Nairobi, zote ziko saa 3 mbele ya UTC mwaka mzima.

Pemba niliitwa na mwenye hoteli ndogo ya ufukweni upande wa kaskazini, anayeendesha shughuli zake kwa sola. Huyu hakuwa na shida na vijana wala wezi. Alikuwa anahesabu umeme, na alinifundisha kuuhesabu. AP ya kawaida hula takriban wati 10. Zikiwa 10, kwa saa 8 za usiku, ni yuniti 0.8. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 200 inabeba yuniti 2.4, na ukitaka ikae miaka hutumii zaidi ya nusu, yaani 1.2. Theluthi mbili ya hiyo nusu zinakwenda kwenye AP huku watu wamelala. Kuzima jina hakumsaidii, kwa sababu AP isiyotangaza jina inaendelea kula karibu umeme ule ule. Kwake ratiba ilibidi iwekwe kwenye swichi yenyewe, maana waya wa mtandao ndio unaoipelekea AP umeme kwa njia ya PoE, na swichi nzuri inakubali kupangiwa saa tundu kwa tundu.

Hapo kuna mambo ya kuangaliwa. AP iliyokatiwa umeme huchukua dakika kadhaa kuamka, basi ukitaka WiFi iwepo saa 12 asubuhi, tundu liwashwe saa 11 na dakika 50. Kubwa zaidi, banda la mwisho pale ufukweni halikuwa na waya. AP yake ilikuwa inapokea mtandao kwa hewa kutoka AP ya mkahawani. Ukikata ya mkahawani, ya banda inabaki inawaka lakini haina pa kwenda, na mgeni anaiona ina nguvu zote kwenye simu. Tuliiacha ya mkahawani usiku kucha, tukazima nyingine saba, tukabakisha moja ya mapokezi. Mzee aliandika hesabu mpya kwenye daftari lake la betri na hakuniuliza tena.

Nirudi mjini. Bi Mkubwa mmoja wa Kiponda ana nyumba ya wageni iliyo ukuta kwa ukuta na msikiti. Aliniambia, "Mwanangu, usiku wa Ijumaa wasipate kabisa hapo chini. Watu wanasoma Yasini ndani, hawa nje wanacheka na masimu yao." Mjukuu wake, mwenye laptopu tayari mapajani, akamjibu, "Bibi, nishaweka." Alikuwa ametia tiki Ijumaa, kuanzia 18:00. Wiki ile usiku wa Yasini vijana walicheka kama kawaida, na kesho yake jioni, watu wameshatoka isha na hakuna kisomo chochote, wageni wakashuka mapokezi kuuliza WiFi imekwenda wapi.

Bibi hakukosea. Siku yake inageuka magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa umeingia Alhamisi jua lilipotua. Siku ya mashine inageuka saa 6 usiku. Alichokitaka ni Alhamisi 18:00 mpaka Ijumaa alfajiri, na mashine nyingi hazikubali muda mmoja unaovuka saa 6 usiku. Ukiandika 18:00 mpaka 05:00 ama inakataa, ama inaukubali na kufanya kitu usichokijua. Basi unaukata vipande viwili: Alhamisi 18:00 hadi 23:59, Ijumaa 00:00 hadi 05:00. Uzuri wa kuishi karibu na ikweta ni kuwa magharibi yetu haiendi mbali, mwaka mzima iko takriban kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo, kwa hiyo 18:00 inatosha miezi yote bila ya kuguswa. Mjukuu alirekebisha mwenyewe, nami nikaongeza safu ya tatu kwenye ile karatasi: siku ya nyumba, siku ya mashine.

Ramadhani inavuruga yote haya kwa mwezi mzima. Mgahawa uliokuwa unafungua saa 2 asubuhi unaamka magharibi kwa futari. Ofisi zinawahi kufunga. Baada ya tarawehe mji ndio kwanza unachangamka, na wafanyakazi wa hoteli wanaolala kazini wanaamka kwa daku saa 10 usiku wakitaka kuzungumza na watu wao waliopo shamba. Ratiba ya kufunga saa 4 usiku katika mwezi huo inafunga pale khasa watu wanapofungua. Na tarehe haiandikiki mapema. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kizungu, na mwanzo wake unategemea mwandamo, kwa hiyo yule anayejaza tarehe kwenye kontrola mwezi mmoja kabla anabahatisha kwa siku moja.

Mimi natengeneza ratiba nyingine kamili, naipa jina Ramadhani, naiacha imezimwa. Siku ikifika ni kubadilisha moja kwa nyingine, na Idd kurudisha. Sharti awepo wa kubadilisha. Msimpe kila mtu pasiwedi kuu ya kontrola kwa ajili ya hilo. Mfungulieni mtu wa mapokezi akaunti yenye ruhusa ya kubadilisha ratiba tu, iwe kwenye simu yake, na ajaribu mara moja mbele yangu kabla mwezi haujaandama. Tangazo hutoka usiku, na saa hizo mimi niko Darajani kwenye foleni ya tende, sishiki simu.